Mkebe wa Manfuha

Kemunto alikuwa mtu wa kufuata maelekezo. Ukimwambia sabuni hii haichanganywi na ile, haichanganyi. Ukimwambia sakafu ya maabara hupigwa deki kutoka ndani kuja mlangoni, hutamkuta akianzia mlangoni hata akiwa na haraka ya kufa. Alikuwa amesafisha hospitali moja ya watu binafsi mjini Jeddah kwa miaka mitano bila kupewa onyo hata siku moja, na jambo hilo alijivunia kuliko mshahara wake, ambao kwa kweli haukuwa na la kujivunia. Kwa hiyo daktari alipomwambia ameze kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku saba, alimeza mpaka akavimaliza. Miezi miwili baadaye maumivu ya chini ya kitovu yakarudi, uchafu ukarudi, na yeye akarudi kwenye kiti kilekile mbele ya daktari yuleyule, akiwa na hasira ya mtu aliyefua nguo zikanyeshewa kambani.

Daktari mwenyewe alikuwa mama wa Kisudani, jina lake Ihsan, mpole wa sauti lakini si wa macho. Walizungumza kwa kile Kiarabu cha kuokoteza ambacho wafanyakazi wote hukijua.

"Mume wako alitibiwa?"

"Alitibiwa, daktari. Huko Riyadh. Ana kadi ya bima ya kampuni."

"Alimeza dawa zote?"

"Anasema alimeza."

"Anasema," daktari alirudia, akaendelea kuandika.

Ugonjwa wenyewe unaitwa klamidia. Kemunto hakuwa amewahi kulisikia jina hilo. Kwao Nyamache watu walijua kisonono, walijua kaswende, na Ukimwi ulihubiriwa mpaka kwenye harusi, lakini huu hakuna aliyewahi kumtajia. Daktari Ihsan alimweleza kwamba ni wa kawaida sana duniani, na ubaya wake ni kwamba wengi walio nao hawahisi chochote. Mwanamume anaweza kutembea nao mwaka mzima akijiona mzima kama kigogo. Kwa mwanamke unapanda taratibu mpaka kwenye mirija ya uzazi. Dawa yake ipo, tena si ya shida, ila sharti mke na mume wameze wakati mmoja, dozi nzima, na wasikutane mpaka waimalize.

"Wewe ni fundi wa usafi," daktari alisema. "Kutibiwa peke yako ni kupiga deki chumba ambacho bomba linavuja. Ukirudiwa na kurudiwa, mirija inaweza kuziba. Una watoto?"

"Sina," Kemunto alijibu.

Alikuwa na miaka thelathini na mitano. Ndoa yake na Evans ilikuwa na miaka tisa, na mimba moja iliyotoka kabla hajaizoea. Mikataba yao yote miwili ingekwisha mwakani, na walikuwa wamekubaliana kwamba wakifika nyumbani hawatafanya lolote kabla ya kutafuta mtoto. Nyumba ingengoja, ng'ombe wangengoja, hata mama mkwe na simu zake za kila Jumapili angengoja. Mirija haingoji. Hilo ndilo lililomnyima Kemunto usingizi, na ndilo lililomfanya amkasirikie mume wake kwa hasira ambayo ilikuwa haina pa kuisha.

Na hatujagusa bado swali la Evans aliutoa wapi. Evans aliendesha lori la friji la kampuni ya kuku, na mara moja kwa mwezi, akiwa na bahati, alipangiwa safari ya Jeddah. Hapo ndipo walipoonana, katika chumba walichoazimwa na binamu wa Roselyne, mwanamke aliyelala kitanda cha pili chumbani kwa Kemunto. Mara ya kwanza alipoambiwa habari za ugonjwa, Evans alisingizia vyoo vya vituo vya mafuta. Alivitaja vituo hivyo kimoja kimoja, kuanzia Riyadh mpaka Taif, kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Kemunto alipompelekea daktari habari hiyo, Ihsan hakucheka, alisema tu kwamba choo hakijawahi kumpa mtu ugonjwa huu. Kemunto akaiweka habari ya vyoo pembeni pamoja na mengine ya ndoa yake ambayo angeyashughulikia akipata nafasi.

"Mvalishe mpira," Roselyne alimshauri. "Mpaka apone, mpira. Akipona, mtoto. Shida iko wapi?"

Shida ilikuwa Evans. Alipoambiwa habari za kondomu alinuna simu nzima. Mtu na bibi yake wa kanisani, alisema, wavae mipira kama watu waliookotana barabarani? Tena alikuwa ametibiwa. Ameshamaliza. Halas. Kama ugonjwa umerudi, basi ni dawa za Jeddah ndizo hazina nguvu.

Hapo ndipo Kemunto alipomuuliza swali ambalo alipaswa kuliuliza tangu mwanzo.

"Evans. Ulimeza vidonge vingapi?"

Nyuma ya Evans kulisikika sauti ya injini ya lori.

"Nne," alisema Evans.

"Na hospitali walikupa vingapi?"

"Si ni kumi na nne."

"Kumi viko wapi?"

"Kemu, sikiza kwanza. Viliingia kwa mkebe."

Kemunto alikata simu. Akaketi juu ya ndoo aliyoipindua, katika stoo ya mifagio, na akasema neno la Kigusii ambalo mama yake angemzaba kofi kwa kulitamka.

Mkebe huo aliujua. Evans hakukaa kwenye mabweni ya kampuni, alipanga nyumba kuukuu katika mtaa wa Manfuha, kulekule Riyadh, pamoja na Wakenya wenzake, na juu ya jokofu la nyumba hiyo kulikuwa na mkebe mkubwa wa maziwa ya unga. Sheria ya mkebe ilikuwa moja. Kila mwenye kadi ya bima akiandikiwa dawa, huiingiza mle. Kila mgonjwa, mwenye kadi na asiye nayo, huchota mle. Haikuandikwa popote, na hakuna aliyethubutu kuivunja, maana katika nyumba zile mtu anaweza kuamka na ikama, kile kibali cha kuishi nchini, na kulala bila ikama, ikiwa kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, ameamua kumripoti kwamba ametoroka. Aliye na kadi leo kesho ni yeye anayeomba. Mtu aliyekunywa dawa yake yote peke yake alitazamwa kama aliyejifungia chooni na mkate.

Na mkebe uliwahi kumfaa hata yeye. Mwaka wake wa kwanza Jeddah, kabla kadi yake haijatoka, kifua kilimbana wiki tatu. Dawa zilitoka Manfuha na dereva wa basi, zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Alizimeza akapona, akawaombea dua wanaume wale asiowajua. Kwa hiyo asingeweza hata kuuchukia mkebe kwa moyo mmoja, na jambo hilo nalo lilimuudhi.

Alichukua likizo yake ya wiki moja, ile aliyokuwa ameiweka akiba kwa msiba. Daktari Ihsan alimwandikia dozi mpya na kumwambia asiifungue mpaka mume awe na yake mkononi. Akapanda basi la Riyadh asubuhi, akakaa kutwa akitazama mchanga.

Ijumaa mchana nyumba ya Manfuha ilikuwa imejaa harufu ya ugali na mbuzi. Walikuwamo Evans, na Dismas aliyekuwa mlinzi wa maghala, na Norman, kijana mrefu mwenye aibu ambaye hakuwa na karatasi yoyote tangu alipomkimbia mwajiri wake. Walisimama kumpokea Kemunto kwa heshima, wakampa kiti chenye mto. Alikataa kula. Akaushusha mkebe kutoka juu ya jokofu na kuumwaga mezani, kati ya sahani.

Vilitoka vidonge vya kichwa, vya tumbo, vya presha, nusu karatasi ya hiki na robo karatasi ya kile. Vile vya Evans vilikuwa vimebaki viwili.

"Hivi ni vya nani?" aliuliza.

"Vya emajensi," alisema Dismas.

"Emajensi ya nani?"

Wanaume walitazama ugali. Kemunto akawaeleza, wima, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mfagiaji mpya. Vidonge kumi na vinne ni dawa ya mtu mmoja. Ukivigawa kwa watatu, hujawatibu watatu, hujamtibu hata mmoja. Maumivu yanapungua siku mbili, mtu anasema amepona, kumbe mdudu yumo anapumzika. Ni kama watu watatu wenye nauli moja, kila mmoja akapanda gari mpaka alipoishiwa, wote wakalala njiani.

"Lakini, shem," Dismas alianza, "sasa mtu ameze peke yake na mwenzake analia chooni?"

"Mwenzake aende hospitali."

"Na hana ikama?"

Norman aliinua kichwa. "Ni mimi niliomba, shemeji. Nilikuwa nakojoa moto. Usimlaumu Evans. Alinipa kwa roho safi."

Hilo la roho safi lilimchoma zaidi. Angependa sana kukuta wabaya. Angejua la kuwafanya. Badala yake alikuwa amekuta watu waungwana wakiua uzazi wake kwa kugawana.

"Na wewe Dismas?" alimgeukia. "Wewe una kadi, kwa nini uchote humu?"

Dismas alikuna shingo. Alisema mtu akipatikana na ugonjwa kama huo, jina linaingia kwenye kompyuta, na kesho yake uko ndani ya ndege. Aliambiwa na nani? Na watu. Watu gani? Watu tu. Kemunto alimwambia kwamba Evans alipimwa, akatibiwa, na huyo hapo anatafuna mbuzi. Dismas alikubali kwamba hilo ni kweli, lakini hakuonekana kubadilika. Kuzungumza naye kulikuwa kutwanga maji kwenye kinu.

Kesho yake asubuhi alimpeleka Evans kliniki mwenyewe, akaketi naye kwenye viti vya plastiki, na pakiti ilipotoka dirishani aliipokea yeye. Aliitia kwenye mkoba wake karibu na ile yake. Jioni baada ya chakula wangeanza pamoja, mbele ya macho yake, na asingemwamini kwa lolote mpaka siku ya saba.

Norman walikuja naye. Kemunto alimpitisha kwenye zahanati ndogo ya uchochoroni ambayo Dismas alidai haina maswali. Kijana wa mapokezi aliuliza jambo moja tu, kibali kiko wapi, bila hata ubaya.

"Wein ikama?"

"Mafi ikama," alisema Kemunto. "Lakini tunalipa. Anaumwa."

Mpokezi alitikisa kichwa kwa masikitiko. Kabla hajamaliza kukitikisa Norman alikuwa ameshatoka mlangoni, akitembea kwa haraka ya mtu aliyezoea. Walirudi Manfuha wote watatu, Norman akiwa mbele yao akiomba radhi kwa kuwapotezea muda.

Hapo tu, wakati Evans anavua viatu mlangoni, ndipo wazo lilipomjia ambalo lingepaswa kumjia akiwa Jeddah. Norman, kwa simulizi za Evans mwenyewe, hatoki nje bila lazima. Huogopa hata duka la kona. Mtu asiyetoka ndani ameambukizwa wapi?

"Evans," alisema. "Nani huja hapa?"

Evans alishughulika na kamba za kiatu. Ni Dismas aliyejibu, kutoka jikoni, kwa sauti ya chini.

"Ni Rita, shem. Anakujanga Ijumaa kutufulia na kutupikia chapati. Jana aliambiwa asikuje sababu yako."

Evans alisema ilikuwa mara mbili tu. Akasema upweke ni kitu kibaya. Akasema tena mara mbili tu. Kemunto alimtazama mume wake, aliyepiga magoti mbele ya kiatu chake, na akashangaa kwamba hakuwa na chozi la kumpa. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na hapa palikuwa na nyumba nzima iliyofunika uchi kwa sufuria la ugali.

"Rita alipewa vidonge vingapi?" aliuliza.

Hakupewa hata kimoja. Si kwamba walimnyima. Hawakumfikiria.

Rita aliishi Shumaisi, mtaa mwingine wa Riyadh, katika chumba cha ghorofani alichoshirikiana na wanawake wengine waliokuwa kazini mchana. Kemunto alikwenda huko akiwa amepanga maneno ya kumwambia. Aliyapanga njia nzima, makali, mengine ya Kigusii. Alitarajia kufunguliwa na msichana wa kucha ndefu. Mlango ulifunguliwa na mama wa umri wake, kitambaa kichwani, ameshikilia chupa ya maji ya moto chini ya tumbo.

"Wewe ni Kemunto," Rita alisema. "Nimekuona kwa picha. Ingia. Unisamehe, hili tumbo leo limenilemea. Ni ndoo. Ndoo za huku ni nzito."

"Linauma hapo tangu lini?"

"Aa, siku nyingi. Limekuwa rafiki."

Maneno yaliyopangwa yakayeyuka yote. Kemunto aliketi ukingoni mwa kitanda, na badala ya kutukana akajikuta anasema kama Daktari Ihsan: ugonjwa huu ni huu, hukaa kimya, hupanda juu, una dawa. Rita alisikiliza akitazama mikono yake.

"Na wanaume wa Manfuha walijua wanao?"

"Walijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu."

"Nimewapikia kila Ijumaa," Rita alisema polepole. "Huo mkebe wao, mimi ndiye huupangusa vumbi."

Kemunto aliufungua mkoba, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye pakiti yake. Saba wewe, saba mimi. Wazo lilikuja tamu na la haki kabisa, na lilikuwa limeshafika kidoleni kabla hajalitambua lilikotoka. Akaona aibu. Hivi ndivyo ilivyokuwa rahisi. Hivi ndivyo Evans alivyofanya.

"Una mimba?" aliuliza, maana daktari naye alimuuliza hivyo kwanza, akamwambia dawa hii haimfai mjamzito.

"Mimba?" Rita alicheka kidogo, bila furaha. "Nimemaliza siku zangu juzi. Nimeshaacha hata kuiomba."

Kemunto aliiweka pakiti nzima mapajani mwa Rita. "Kumi na vinne. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, ukishakula, mpaka viishe. Hata ukipona siku ya pili, mpaka viishe. Na usilale na mtu. Baada ya hapo, mpira, kila mara. Tumbo lisipotulia, unipigie, tutatafuta daktari hata kwa kuomba barabarani."

Rita aliigeuza pakiti mkononi, akaisoma nyuma na mbele, na uso wake ukawa mzuri kwa shukrani. Akaanza kuvihesabu kwa kidole.

"Nimwekee Norman vingapi?" aliuliza.

Kemunto alifumba macho. Alitaka kupiga kelele mpaka Shumaisi yote imsikie. Alitaka kuinyang'anya pakiti, ashuke ngazi, apande basi, asione tena uso wa mtu anayegawana. Lakini yule kijana wa aibu alikuwa bado anakojoa moto, na Ijumaa ijayo Rita angekuwa jikoni mwake tena, na bomba lingekuwa linavuja palepale.

Akaitoa pakiti ya pili, ya Evans, akaibwaga juu ya ya kwanza.

"Norman ana yake. Mpelekee yote, mwambie ni yake peke yake, umwone akimeza."

"Na Evans?"

"Evans ana kadi. Atarudi pale dirishani kesho aeleze dawa zake zimekwenda wapi, na atamburuta Dismas pamoja naye. Wakimcheka, wamcheke."

"Na wewe, dada?"

"Mimi pia nina kadi," Kemunto alisema, akasimama atafute kikombe cha maji. "Nitaanza upya."

Alilisema neno hilo kwa hasira, kwa sababu mwezi mwingine ulikuwa umekwenda, na tumbo lake mwenyewe lilikuwa linamuuma. Akamletea Rita maji, akasimama mbele yake na mikono kiunoni mpaka kidonge cha kwanza kikateremka.